Bure Isiyo Bure

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika intaneti ya leo kiuzwacho si bidhaa tu. Msomaji mwenyewe hutiwa mnadani. Kijana afunguapo ukurasa katika simu, habari za mahali alipo na mambo ayapendayo hupelekwa kwa wanunuzi wengi. Kufumba na kufumbua, mnada umekwisha na tangazo la mshindi limebandikwa.

Dalali mkuu ni nani? Mwaka 2008 Google ilikamilisha kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1. Mwaka 2025 mahakama ya Marekani iliamua kuwa Google ilihodhi sehemu za soko hilo kinyume cha sheria. Dalali akiwatumikia muuzaji na mnunuzi, na uwanja wa mnada ukawa wake, haki itatoka wapi?

Watetezi husema kuwa pasipo matangazo hapana habari za bure. Tangazo si kosa. Gazeti liliuza nafasi zake miaka mingi bila kumchungulia msomaji dirishani. Kosa ni upelelezi.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini sheria isiyodaiwa ni upanga uliolala alani. Basi, vijana, someni mnachoombwa kukubali, na neno “sikubali” lisiwe zito midomoni mwenu.