Tusimsingizie Mola

Mwaka 1994 mto Kagera ulichukua maiti kutoka Rwanda hadi Ziwa Victoria. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24, wauaji na wasio na hatia wamechanganyikana. Nasi washairi twakimbilia neno moja: kudura! Sikubali. Mapanga yalishikwa na wanadamu. Kumtwisha Mola damu ile ni kumvua upendo, na kumwondolea muuaji lawama. Na wakimbizi waliporudishwa kwa nguvu Desemba 1996, ilikuwa kudura pia, au amri ya serikali? Uweza wa Mola nauona kwa wenyeji wa Ngara na Biharamulo waliowapokea wageni: huruma isiyomshurutisha mtu. Atakaye kumsifu Rahimu, na aanzie hapo.