Msiiondoe Picha ya Nne

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze jambo lililozusha ubishi bwenini mwetu muhula huu. Wazazi na walimu mtakaosoma, tafadhali mtuamue.

Tangu shule ifunguliwe, kila Jumamosi baada ya usafi, nimekuwa nikichora kwa rangi za maji picha saba za shujaa mmoja niliyembuni mwenyewe. Jina lake ni Binti Pondo. Ni msichana wa Rufiji, mwenye mtumbwi na pondo lake la kuusukumia, ambaye mto unapofurika huwavusha watu. Hana mabawa, hana kinyago, wala hatoi moto machoni.

Picha hizo zimetakiwa zitundikwe Siku ya Wazazi. Lakini wenzangu wa kamati ya maonyesho wanashauri tutundike ya tatu peke yake, ambamo amesimama wima mtumbwini, na watoto watano wameketi nyuma yake. Ya nne hawaitaki kabisa. Katika hiyo Binti Pondo ameketi juu ya gogo, viganja vimechubuka, macho ameyaelekeza mtoni, na kila atazamaye aona kuwa anaogopa kurudi. Wenzangu husema, "Shujaa gani huyu? Atatuaibisha mbele ya wageni."

Mimi nasema, picha ya nne ikiondolewa, na ziondolewe zote.

Kwanza nieleze alikotoka. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, mto Rufiji ulifurika, maji yakaingia mashambani na majumbani mwa watu. Kwetu ni huko. Mimi nilikuwa shuleni. Mama na mdogo wangu walivushwa na mzee mmoja mvuvi. Likizo ilipofika nilikwenda kumshukuru, nikamwita shujaa. Alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, nilitetemeka hata pondo likataka kunitoka mkononi. Lakini mtumbwi nilikuwa nao, ningefanyaje?" Maneno hayo hayajanitoka moyoni. Yeye mwenyewe sikumchora, maana hakupenda kutangazwa. Nikambuni msichana wa umri wetu, ili mtazamaji asipate kusema, "Hiyo ni kazi ya wazee."

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisimchore Superman, ambaye kila mtu amjua. Nami hujibu kuwa hata yeye zamani hakujulikana na mtu. Alibuniwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliojuana shuleni katika mji wa Cleveland, Marekani, na hadithi yake ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1938. Ikiwa wanafunzi wa Cleveland walianza na karatasi tupu, nasi karatasi tunazo.

Kazi yenyewe si mchezo. Penseli hufutika, lakini rangi ya maji ikisha kunywewa na karatasi, ni vigumu kuiondoa. Yakupasa uanze na rangi nyepesi, ungoje ikauke, ndipo uongeze iliyo nzito. Nyeupe sikupaka popote. Mng'aro wa maji mtoni ni karatasi yenyewe niliyoiacha tupu. Tena, ili msichana awe yule yule katika picha zote saba, nilitangulia kumchora katika karatasi ya vipimo: mbele, ubavuni na nyuma. Urefu wake ni vichwa saba, kanga yake ni nyekundu, ana pengo la jino moja. Alama hizo hazigeuki kamwe. Kinachogeuka ni hali ya moyo wake.

Basi mtazamaji akionyeshwa ya tatu peke yake, atasema, "Ana nguvu," kisha atapita. Lakini akiiona ya nne, halafu ya tano, ambamo amelishika tena pondo na mtumbwi umeelekea ng'ambo, ndipo atakapojua ameshinda nini.

Huenda mtu akasema kuwa haya ni mambo ya picha tu. Sivyo. Sisi wa Kidato cha Nne tunaukaribia mtihani wa taifa. Usiku bwenini nimesikia watu wakilia chini ya shuka, na asubuhi hao hao hujifanya hawana neno. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, kwa kuwa muhula uliopita nilianguka hesabu, na mpaka leo sijathubutu kumwambia mama. Tukizoea kuonyeshwa mashujaa wasiojua hofu, kila aogopaye hudhani kuwa ni yeye tu aliye mnyonge, akanyamaza, asimwendee mwalimu wala rafiki. Mimi picha ya nne ndiyo iliyonipa moyo wa kumwendea mwalimu wa hesabu. Naye hakunicheka.

Kwa hiyo naiomba kamati izitundike zote saba, kwa taratibu yake. Na kama ukuta wa bwalo hautoshi, nipeni ukuta wa nje, kwenye kivuli. Misumari nitaitafuta mwenyewe. Mama yangu atakuja siku hiyo. Napenda asimame mbele ya ile ya nne, ndipo nimweleze habari za hesabu.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne