Maji safi bila kuchemsha: tusubiri utando au tuwashe jiko?

Mama wa Kashai anajua kwamba maji ya kunywa huchemshwa. Ameambiwa zahanati, na kipindupindu kilipoenea nchini kuanzia Agosti 2015 aliambiwa tena. Kinachomshinda si elimu, ni mkaa. Mkaa ukipanda bei, kinachopunguzwa kwanza si sufuria ya ndizi, ni ile ya maji. Ndiyo maana habari za wataalamu wanaosafisha maji kwa mvuke bila kuyachemsha zinanigusa, na nataka tuzipime kabla ya kuzishangilia.

Jambo lenyewe ni hili. Utando mwembamba kama karatasi, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, unawekwa kati ya maji ya moto kiasi (nyuzi 50 hadi 80) na upande wenye ubaridi. Utando huo unayakataa maji kama jani la gimbi linavyokataa matone ya mvua. Maji hayapiti ila mvuke wake unapita, kisha unapoa na kuwa maji tena. Chumvi, floraidi, tope na vijidudu vinabaki nyuma.

Mkoani kwetu habari za mvuke si ngeni. Wapo wanaokeneka gongo kwa mtungi na bomba, Allah awaongoze. Lakini hata katika haramu hiyo mna funzo: kileo hupanda kabla ya maji. Basi na petroli, au sumu nyingine inayoruka upesi, ikiingia kwenye maji huweza kupita utandoni pamoja na mvuke.

Tando hizi kwa kawaida ni za plastiki. Sasa watafiti wanajaribu malighafi zitokanazo na viumbe: selulosi ya mimea, kitosani ya maganda ya kamba, hata plastiki ya wanga wa mahindi. Selulosi imejaa katika kila mgomba wetu na katika makapi ya miwa. Huyeyushwa kwa kemikali, ikatandazwa juu ya kioo, kisha ikatumbukizwa majini. Kemikali inatoka, maji yanaingia, na mahali yalipoingia panabaki vitundu. Ugumu ni kwamba selulosi hupenda maji, kama pamba. Lazima ipewe dawa ya kuifanya iyakatae. Dawa hiyo ikichoka, vitundu vinalowa, maji machafu yanapita, na mwenye nyumba hana habari. Mimi hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Na utando ukiwa wa jelatini ya mnyama, Muislamu ana haki ya kuuliza ni mnyama gani. Masheikh waulizwe mapema, si baada ya vifaa kufika msikitini.

Je, Kashai tunauhitaji? Kwa maoni yangu, wa kwanza kufikiriwa ni ndugu zetu wa maeneo ya Arusha na Meru, ambako floraidi inawaharibu watoto meno yakawa ya kahawia na hata kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kule kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki ileile. Huko utando ni dawa ya ugonjwa wenyewe.

Sisi Ziwa Victoria halina chumvi. Adui yetu ni kinyesi kinachoingia majini, hasa mvua inapojaza mitaa ya bondeni na vyoo vikafurika. Vijidudu hivyo havihitaji maabara. Asiye na mkaa achukue chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, aijaze maji yasiyo na tope, ailaze juu ya bati saa 6 za jua kali. Mawingu yakitanda, siku 2 mfululizo. Najua Bukoba mvua haina adabu. Siku hizo tumieni dawa ya klorini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, si kwa kukisia.

Kisha ndoo ifunikwe. Kata ya kuchotea iwe na mpini mrefu, na isiwe ileile anayokwenda nayo mtoto chooni.