Mwache Amalize Kwanza

Mwezi huu najisema mwenyewe.

Januari 2022 soko la Karume, pale Mchikichini, liliungua usiku. Shosti wangu alikuwa na meza ya blauzi za mtumba humo ndani. Asubuhi nikamkuta amekaa juu ya ndoo, anatazama mabati yaliyokunjamana. Akaanza, "Yaani lile belo nililofungua juzi..." Nikamkatiza. "Pole jamani, mshukuru Mungu u mzima. Mbona mimi niliibiwa duka zima na nikaanza upya?" Simu yangu ikaita, nikapokea. Nilipomgeukia akasema tu, "Sawa, shosti." Nikaondoka najiona nimefariji mtu!

Wiki mbili baadaye mama yake akaniambia binti halali usiku. Nikarudi, safari hii simu nimeizima kabisa. Nikamwambia, "Siku ile hukumaliza habari ya belo." Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Wenzangu, ule ukimya ni mgumu, ulimi unawasha! Kumbe belo lile alilinunua kwa ada ya mtoto, na mumewe hajui. Nikamuuliza, "Kwa hiyo kinachokunyima usingizi si hasara, ni shemeji kujua?" Akalia sana. Usiku uleule akamwambia mumewe mwenyewe. Walinuniana siku kadhaa, lakini ada wakailipa wote wawili, kidogo kidogo.

Mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers na Richard Farson, waliandika kijitabu kuhusu kusikiliza kwa namna hii. Msikilizaji hahukumu wala harukii kushauri. Anatafuta hisia iliyo nyuma ya maneno, kisha anarudisha alichoelewa ili msemaji aone kama ameeleweka.

Basi jaribu leo hii. Mwenzio akirudi kazini na malalamiko yake, weka simu chini, mtazame, usimkate kauli. Akinyamaza, hesabu hadi tano kabla hujafungua mdomo, maana mara nyingi neno zito hutoka mwishoni. Kabla ya ushauri muulize, "Unataka tusaidiane mawazo, au nikusikilize tu?"

Ningemuuliza hivyo asubuhi ile, shosti asingekesha wiki mbili peke yake. Na hadithi ya duka langu? Mpaka leo hajaniomba nimsimulie.

Tukutane mwezi ujao!