Mguu Haudanganyiki

Kila mwaka theluji inapokaribia, maduka ya Innsbruck, mji wa Austria uliozungukwa na milima ya Alpi, hujaza skii mpya madirishani. Skii ni zile mbao mbili nyembamba ambazo mtu huzifunga miguuni ili ateleze juu ya theluji, ingawa siku hizi mbao hizo zina plastiki na chuma ndani yake. Mwanangu anaishi huko na familia yake, na tangu nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu nimewatembelea majira matatu ya baridi. Mimi siteremki mlima, maana nina miaka sabini na ushei na nayaonea huruma magoti yangu. Lakini nimekaa saa nyingi katika maduka hayo nikiwangoja wajukuu, na mwalimu hata akistaafu haachi kutazama. Niliyoyaona yamenikera, nami nimekusudia kuyasema wazi: watu wengi hununua vifaa hivi kinyumenyume.

Huanza na skii. Huuliza rangi, huuliza ni bingwa gani anayezitumia, huzipapasa kama mtu anayenunua farasi. Fedha zikishakaribia kwisha ndipo hukumbuka mabuti, nao huchukua yoyote yaliyobaki kwa bei nafuu. Mimi nasema mabuti ndiyo ya kununuliwa kwanza, na kwa fedha nyingi zaidi.

Sababu yake si ngumu. Buti la skii si kiatu cha kutembelea. Ni ganda gumu la plastiki linalokazwa kwa bizimu, na ndani yake mna kiatu laini. Mtelezaji akitaka kugeuka, hukandamiza ugoko mbele na kulaza mguu upande, na buti ndilo linalopeleka amri hiyo hadi kwenye ukingo wa chuma wa skii. Kisigino kikicheza ndani, amri huchelewa. Ni sawasawa na dereva ambaye usukani wake umelegea: gari na liwe jipya namna gani, litamwingiza mtaroni. Tena buti likipwaya, mwenyewe hulikaza bizimu mpaka damu inashindwa kupita, kisha hulalamika kwamba vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Wengine huvaa soksi mbili nene, kumbe soksi moja nyembamba ndiyo inayofaa.

Namba ya buti la skii ni urefu wa wayo kwa sentimita. Wayo wa sentimita 26 na nusu huitwa 26.5, basi, wala hakuna cha kubahatisha. Fundi mzuri hupima miguu yote miwili, hutoa kiatu cha ndani, humwambia mteja aingize mguu katika ganda tupu, vidole viguse mbele, kisha hutazama nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Ikiwa sentimita moja hadi mbili, ganda linafaa. Ikizidi hapo, lirudishwe rafuni hata kama ni zuri kama lulu. Zoezi hili halichukui muda mrefu, na bado nimewaona watu wazima wakilikataa kwa sababu wana haraka ya kwenda kutazama skii!

Kosa la pili ni la wazazi, na hili tunalijua hata sisi ambao theluji tunaiona kileleni Kibo tu. Ni kule kumnunulia mtoto kiatu kikubwa ili akue nacho. Kiatu cha shule kikipwaya, mtoto hushindilia tambara mbele akaenda zake darasani. Lakini shule nyingi za Austria huwapeleka wanafunzi mlimani kwa juma zima kujifunza kuteleza, na huko mtoto mwenye buti linalopwaya hawezi kuzitawala skii zake. Yupo atakayesema, "Babu, wewe hujui bei za huku." Nazijua, nimezisoma. Ndiyo maana nasema mtoto akodiwe skii na mabuti kwa msimu mzima, kisha avirudishe theluji ikiyeyuka. Wapo wazazi wa kwetu wanaoona haya kukodi, wakanikumbusha kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hiyo ni ya kweli kwa nguo. Kwa mguu wa mtoto unaokua kila mwaka, cha kukodi kinachomkaa humsitiri kuliko cha kununua kinachompwaya.

Kosa la tatu ni la majivuno, nalo ndilo la hatari kupita yote. Buti hushikwa na kibanio kilicho juu ya skii, nacho hutakiwa kuliachia mtu anapoanguka vibaya, ili mguu usivunjike. Kabla ya kukiweka sawa, fundi huuliza uzito wa mtu, kimo, umri, na kiwango chake cha kuteleza, na hupima pia urefu wa soli ya buti. Anayejitangaza hodari huwekewa kibanio kinachoshika kwa nguvu zaidi; mwenye miaka 50 au zaidi huwekewa kinacholegea mapema zaidi. Sasa mtu anayemdanganya fundi kwa kumwonea haya mchumba wake aliyesimama kando, anamdanganya nani? Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Huu ndio pekee niliouona ambao mtahiniwa akijipa maksi za uongo hulipa kwa mfupa wa muundi.

Wala vifaa havimfundishi mtu. Mkenya Philip Boit alifadhiliwa na kampuni ya Nike akapelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii za masafa marefu. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa 92, yaani wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimngoja kwenye mstari akamkumbatia. Namheshimu Boit, maana hakujidai kuwa asiyekuwa, na alimaliza. Lakini yeye alikuwa mwanariadha aliyefadhiliwa na kampuni kubwa, na bado miaka miwili haikutosha. Karani wa benki anayeteleza siku sita kwa mwaka anatarajia skii za bingwa zimfanyie nini?

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na jamaa huko ughaibuni anayejiandaa kwa msimu, mwambie hivi. Aende dukani mapema, kabla ya msongamano, wakati wa alasiri miguu ikiwa imevimba kidogo. Apimwe. Anunue buti linalombana bila kumuumiza. Amwambie fundi ukweli wote, pamoja na umri. Zikibaki fedha, atafute skii fupi zinazomfika kidevuni kama bado anajifunza. Zisipobaki, akodi skii kila asubuhi kwa kadiri ya theluji ya siku hiyo, maana skii za kukodi zinaweza kumfaa yeyote mwenye kimo na kiwango kama chake, lakini buti lililopimwa kwa mguu wake ni lake peke yake.