Mutoto akikataliwa azili, musimutafutie histoire ingine

Mu familia mingi za Kolwezi na Likasi, mutoto aliye Marekani akipiga simu na kusema banamukatalia azili, nyumba muzima inalia. Kisha mujomba mumoja anasema: histoire yake ilikuwa nyepesi, tumutafutie ingine ya nguvu. Bantu ba kuuza histoire biko, na franga za kuilipa zinatoka ku jasho ya baba mu kariere. Mimi ninasema: hapana.

Ofisie wa azili akikosa kukubali, na mutoto hana viza ya kubaki, dosie inatumwa ku tribinali ya wahamiaji. Kule zuzi anasikiliza mambo upya, hafungwe na jibu ya ofisie. Ni mulango wa kweli. Lakini fomu ya kwanza iko mbele yake, na avoka wa serikali anaisoma mustari kwa mustari. Kama ya kwanza ilisema uliteswa juu ya politike, na sasa unasema ni juu ya dini, nani atakuamini? Na uongo wa makusudi ukionekana, sheria inaweza kumufungia makaratasi yote ya Marekani kwa maisha.

Umaskini peke yake hauleti azili, hata kama shimo lilianguka. Wanauliza: unateswa juu ya nini? Rangi ao kabila, dini, utaifa, mawazo ya politike, ao kikundi fulani cha bantu.

Tena mara mingi histoire ya kwanza ilikuwa ya kweli, ila Kiswahili yetu iliharibika njiani. Ku ofisie, mwombaji anajiletea mukalimani; ku tribinali, serikali ndiyo inamulipa. Akiwa mutu wa Tanzania, atasikia nini mutoto wa Katanga akisema « bantu ba Leta balinikamata »? Kwake leta ni kuleta kitu! Mu fomu ameandika baba yuko Likasi; mbele ya zuzi anasema baba waliuawa. Sisi tunajua ni baba mudogo. Zuzi anaona uongo. Basi mutoto aseme mapema kama Kiswahili yake ni ya Kongo, na wakikosa kusikilizana aseme pale pale, bila haya.

Sisi huku tutume vitu vya kweli: karatasi ya hospitali, konvokasio ya polisi kama iko, barua ya mutu aliyeona kwa macho, na tarehe zake sawasawa. Vyote vitafsiriwe mu Kiingereza. Franga za muuza histoire ziende kwa avoka, kwani serikali ya kule hailipie mutu avoka. (Ba avoka wezi biko, ndiyo, aulize kwanza mashirika yenye kusaidia bure.) Na akihama nyumba, apashe tribinali adresi mupya mu siku 5. Barua ikipotea na akakosa kufika siku ya kuitwa, zuzi anaweza kuamuru arudishwe bila kumusikia hata neno moja.