Chakula cha Msafiri Hapa Garsen



Dada yetu mmoja wa Mombasa, ambaye kila likizo huwapeleka wanawe kwa bibi yao Lamu, ametuletea swali. Basi husimama Garsen kwa muda mfupi, watoto wana njaa, naye hana mume wala ndugu wa kumtangulia. Aingie hoteli gani? Mumewe amemwambia asile ila palipoandikwa "Halali" ukutani. Safari iliyopita hapo palikuwa pamejaa, wakarudi garini mikono mitupu, na watoto wakafika Mokowe na biskuti tu tumboni, mdogo wao akilia kwa njaa.

Maandishi ya ukutani, dada yetu, ni rangi. Hayachinji wala hayaoshi sahani. Kabla hatujahamia Garsen tulipita hapa tukielekea Lamu, tukakiacha kibanda cha mama mmoja wa Kipokomo aliyekuwa akikaanga samaki mbele ya macho yetu, tukaingia hoteli kubwa yenye hati nzuri ya Kiarabu mlangoni. Pilau ilikuwa ya jana, imepashwa moto. Kabla ya kufika Witu dereva alilazimika kusimama mara mbili, na abiria wote wakajua anasimama kwa ajili ya shekhe. Tumbo lilituuma, lakini haya ilituuma zaidi.

Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba watu walimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya nyama waliyoletewa na waliosilimu karibuni, wasijue kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuchinjwa. Akawaamrisha walitaje wao wenyewe, kisha wale. Basi nyama ya mkono wa Muislamu haichunguzwi kwa dhana, na kwa desturi ya nchi yetu wachinjaji katika vichinjio vingi ni Waislamu. Ukiwa na shaka, muulize mwenye hoteli kwa upole nyama yake yatoka wapi. Asiyetaka kujibu, muache.

Na mpishi akiwa Mkristo, kama walivyo wengi wa jirani zetu wa Tana ya chini? Samaki hahitaji kuchinjwa, awe kambare wa mtoni au changu wa baharini. Wali, maharagwe, muhogo, ndizi na maembe havina mchinjaji. Kinachobaki ni vyombo, na hilo nalo limeulizwa zamani: Abu Tha'laba al-Khushani alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu, akaambiwa atumie vingine akivipata, na asipovipata avioshe na ale ndani yake. Kijana wetu anayesoma Taiwan, ambako watu huzunguka chungu kimoja cha supu kinachochemka mezani, ana haki ya kuuliza sana, kwani supu ile yaweza kuwa imepikwa kwa mifupa ya nguruwe. Wewe uliye Garsen, mbele ya karai la samaki, huna mtihani huo.

Tazama basi mambo yanayoonekana. Chakula kimefunikwa au kimeachiwa nzi? Kinatoka motoni kina mvuke, au kimelala tangu asubuhi? Yako maji ya kunawa yanayomiminika na sabuni, au ni beseni moja wanamonawa watu wote? Hili twalikazia, kwa kuwa mto wetu ukifurika maji huchafuka na maradhi ya kuhara huwaanza watoto. Chai iliyochemka ni bora kwao kuliko sharubati usiyoyajua maji yake. Angalia pia kama kuna pembe ya kina mama kukaa kwa sitara, na choo chenye komeo. Uliza bei kabla ya kuketi. Ukiwaona akina mama wa hapa hapa wanakula na watoto wao, kaa nao.

Liko jingine, nalo si la fiqhi ya vyombo. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, mapigano ya Delta ya Tana yalipochukua roho za zaidi ya watu 100, watu wa hapa walianza kuchagua hoteli kwa kabila la mpishi. Muorma hakunywa chai ya Mpokomo, wala Mpokomo maziwa ya Muorma. Tuliwasikia Waislamu wakisema ni kwa sababu ya usafi, ilhali mwaka mmoja kabla walikuwa wakila kwenye meza zile zile. Kwa hiyo mtu akituambia hali kwa fulani, sisi humuuliza kwanza: ni chakula chake au ni watu wake?

Nawe mume, ukiwa wasoma ukurasa huu, hofu yako juu ya tumbo la wanao ni ya haki. Lakini mkeo ndiye aliyeko pale, jua la Garsen utosini na kondakta akipiga honi. Mwachie achague. Au mfungie mahamri na mbaazi nyumbani, ukaamke wewe mwenyewe alfajiri kuzipika.

Dada yetu ameuliza pia kama aweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri afikapo Lamu. Hilo tutalijibu juma lijalo, inshallah.